Kiwiliwili cha Kadibodi

Juma lililopita mvua ilipenya kwenye paa la karakana yetu ikalowesha rundo la kadibodi tulizokuwa tumeziegemeza ukutani. Asubuhi nilipofungua mlango, harufu ilinipokea kabla sijawasha taa. Ni harufu ya karatasi iliyokunywa maji mpaka ikalegea, yenye utamu kidogo, kama uji uliolala. Wenzangu wakaanza kuhesabu zipi zitakauka na zipi ni za kutupa. Mimi nilitoka nje nikasimama, nikajifanya naongea na simu.

Kazi yangu ni kuchora vitu vya kadibodi vinavyosimama bila gundi wala msumari. Ninachora kwenye kompyuta, mashine ya leza inakata, na anayenunua anapachika kipande ndani ya kipande mpaka apate kiti cha mtoto au rafu ya vitabu. Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza nilisomea wapi. Huwatajia chuo, kwa kuwa ndilo jibu wanalolitaka. Ukweli ni kwamba nilijifunza Garsen, mwaka wa mafuriko, nikiwa na umri wa miaka tisa, ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Mwalimu wangu alikuwa mama yangu, na wakati wote aliponifundisha niliamini kwamba amebakisha siku chache za kuishi.

Baba alitangulia kufa, kabla ya maji kuja. Aliugua kifua. Alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba ya dada yake mkubwa, Shangazi Halima, ambako sote tuliishi, na alipozidiwa duka lilifungwa na yeye akalazwa chumba cha ndani. Sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kizingitini nikiona miguu ya watu wazima ikipita na kusikia minong'ono. Siku moja Shangazi alitoka macho mekundu akawaambia majirani waliokuwa uani, "Siku zake zilikuwa zimekwisha." Baadaye akaja mwanamume mmoja na ufito, akaingia, akampima baba kutoka utosini mpaka nyayoni, akauvunja ule ufito palipoishia urefu wake, akaondoka nao. Baba akaoshwa. Akavishwa nguo nyeupe mpya. Chumba kikafukizwa udi, watu wakasoma, wakala wali, na baba hakuwepo tena.

Mtoto hupanga mambo kama shanga kwenye uzi. Mimi niliyapanga hivi: siku zinakwisha, mtu anapimwa, anaoshwa, anavishwa, anafukizwa, anasomewa, watu wanakula wali. Sikuwa na sababu ya kudhani mpango huo una njia nyingine.

Kisha mama akaingia eda. Kwa mtu mzima wa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo: mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, havai nguo za kung'aa. Lakini hakuna aliyenieleza mimi. Nilichosikia ni Shangazi akiwaambia wageni mlangoni, "Zena ana eda," kwa sauti ile ile aliyotumia kusema fulani ana homa. Nikamwona mama akiingia chumba kile kile alichofia baba, akivaa nguo zile zile nyeupe kila siku, na wanawake wakija kumwamkia kwa sauti za chini. Nikaelewa kwamba ile ndiyo eda, na kwamba ni ugonjwa wa kuambukizwa na mume.

Halafu maji yakaja. Hata mvua haikunyesha kwetu wiki ile. Ilikuwa imenyesha bara, na mto Tana ukaileta yote. Njia ikakatika pande zote mbili, malori yakakwama, shule yetu ikajaa watu waliohama vijiji vya chini na ng'ombe wachache waliookolewa, na sisi wanafunzi tukaambiwa tubaki majumbani. Basi nikafungiwa pamoja na mama. Nje ya ua wa mabati maji ya rangi ya chai ya maziwa yalisimama bila kwenda popote. Vyura waliingia mpaka kwenye pipa la maji ya kunywa. Chumba kilikuwa na joto la mvuke, na mbu hawakungoja jua lizame. Nilikuwa nikipanda kitandani kuchungulia dirishani, nikaona ukuta wa jirani na kipande cha mbingu kisichotosha hata kunguru wawili.

Mtu pekee aliyetufikia kutoka upande wa Minjila alikuwa Dhahabo, mama wa Kiorma aliyetuuzia maziwa. Alikuja akivuka maji yaliyomfika mapajani, dumu kichwani, maziwa nusu ya yale ya kawaida kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamesukumwa mbali. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini alikisema bila aibu. Asubuhi moja, Shangazi akimpokea dumu, Dhahabo alielekeza kidevu upande wa chumba chetu akauliza, "Zena bakisha siku gapi?"

"Sitini na tatu," Shangazi akasema, bila hata kugeuka.

"Mungu fanya rahisi."

"Amin."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nakumbuka kwamba sikukiangusha. Nilikiweka chini polepole, nikaenda kujikunja nyuma ya pipa, na vyura wakanyamaza.

Tangu siku hiyo nilianza kusikia swali lile kila mahali. Wanawake wa mtaa waliliuliza mlangoni, binamu zetu waliliuliza kwa simu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hawakunong'ona. Na mama mwenyewe, akiulizwa, alijibu, "Alhamdulillahi, zinakwenda. Zimebaki chache." Nilimtazama usoni nione kama anaogopa. Alikuwa amechoka tu.

Siku mbili tatu baadaye aliniita. Mama alikuwa mtu wa Kipini, na miaka ya Garsen haikumtoa lugha ya kwao. "Yeo tuna kazi," alisema, na mimi nilijua zamani kwamba *yeo* ya Kipini ni leo. Alikuwa amekunjua boksi kubwa la friji lililobaki dukani kwa baba, akaliegemeza ukutani. Akasimama mbele yake, mgongo umelala juu ya boksi, mikono ameitanua kidogo. Akanipa kalamu ya risasi. "Nizungushe. Anza shingoni, shuka mpaka nyongani. Usiegemee nguo, ifuate nyama."

"Kwa nini?"

"Nataka vipimo vyangu. Mkono wangu haufiki kote."

Nilimchora. Kalamu ilitetemeka kwenye mbavu zake hata akadhani namtekenya, akatabasamu. Kisha akageuka ubavu nikamchora tena. Akaleta tepu yake ya kushonea akanifundisha kusoma: kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga. Mimi nikamwona yule mwanamume na ufito wake. Nikasoma kiuno pungufu kwa inchi mbili, makusudi. Nilidhani kaburi likichimbwa dogo hataingia.

Mama akaitazama namba. "Inchi ishirini na nne? Mimi?" Akajipima mwenyewe, akanipa konzi laini kichwani. "Fundi muongo hula hasara."

Alichokuwa akikitengeneza ni kiwiliwili cha kushonea, kile ambacho mafundi wa mjini hukivalisha nguo dukani: shingo, mabega, kifua, kiuno, nyonga, basi. Hakuwahi kuwa na pesa ya kukinunua, na sasa hata njia ya kukileta haikuwepo. Maboksi tulikuwa nayo tele, ya sabuni, ya mafuta ya kupikia, ya biskuti. Mimi sikujua hayo. Nilichokijua ni maneno aliyomwambia Shangazi Halima, Shangazi alipoingia akakuta umbo la mwanadamu limelala sakafuni.

"Wifi, hili ni nini? Sanamu ndani ya nyumba ya eda?"

"Halina kichwa, wifi. Halina uso. Ni mti wa kutundikia nguo."

"Na wa kazi gani?"

"Siku zangu zikiisha, nataka likae kibarazani badala yangu. Watu walione, wajue Zena alikuwa na mkono."

Shangazi akatazama boksi, akamtazama mama. Nyumba ilikuwa yake, na tayari alikuwa ametaja mara moja au mbili kwamba mjane kurudi kwao Kipini si aibu. "Tutaona," akasema. "Ukionyesha kazi ya maana, kibaraza si changu peke yangu."

Mimi nilisikia *badala yangu*, sikusikia kingine. Mama alikuwa akiniachia mama wa maboksi.

Hata hivyo kazi ilinivuta. Sijui jinsi moyo wa mtoto unavyoweza kuhofia kitu na kukipenda kwa wakati mmoja, lakini wangu uliweza. Mama alifikiri kwa mikono. Alikata mbavu nne za kusimama, mbili za mbele na nyuma, mbili za kushoto na kulia, kisha visahani vya kulala vya kila kimo, kimoja cha shingo, kimoja cha kifua, na kuendelea mpaka nyonga, vyote kumi na kimoja. Kila mahali ubavu ulipokutana na kisahani alikata mkato: nusu kwenye huyu, nusu kwenye yule, ili waingiane na kila mmoja amshike mwenzake. Alinionyesha vifereji vidogo ndani ya kadibodi, akasema mbavu zisimame na mifereji yao, maana ukiilaza inapinda kwa uzito wa kanga moja. Kabla ya kukata chochote cha kweli alichukua kipande cha boksi la mafuta akakikata meno kama kitana, mikato saba, kila mmoja mpana kuliko mwenzake kwa unene wa uzi. Akanipa kipande kingine. "Jaribu yote. Niambie upi unashika."

Wa kwanza haukuingia. Wa saba uliingia na kutoka kama mkono mfukoni. Wa tatu nilisukuma kwa kidole gumba, ukalalamika, ukaingia, na nilipokitikisa kitana kile kipande hakikuanguka.

"Huo," nikasema.

"Huo. Mwembamba kuliko kadibodi yenyewe, umeona? Lazima ibanwe kidogo. Ukiipa nafasi yote inayoitaka, haishiki." Akaandika tatu kwa mkaa ukutani. Boksi la sabuni, ambalo lilikuwa jembamba, lilihitaji kitana chake. La biskuti pia. Leo, kabla ya kuruhusu leza ikate kazi yoyote, nakata kitana cha namna ile, na wanafunzi wangu hudhani nilikisoma mahali.

Kila umbo alilichora kwanza kwenye gazeti, kama ruwaza ya gauni, akaziviringisha ruwaza zote akazifunga kwa uzi.

Kiwiliwili kikaanza kuinuka. Siku zikapungua. Nilikuwa nikizihesabu kwa Dhahabo, kwa sababu kila alipokuja aliuliza: arobaini na nane, arobaini na moja, thelathini na tano. Nikafikia uamuzi, wa kimya, kama wanavyoamua watoto. Mama alikuwa amesema atakimaliza kabla siku zake hazijaisha. Basi kisipokwisha, haziwezi kuisha.

Alikuwa akilala kidogo baada ya adhuhuri, joto likimshinda. Nikachukua wembe wake. Nikapanua mikato ya kisahani cha kiuno, uzi mmoja kila upande. Alipoamka akakipachika, kikateleza mpaka nyongani kikakaa pale kama mkanda uliolegea. Mama akakigeuza, akakitazama kwa mwanga wa dirisha. Akanitazama mimi. "Kadibodi imechoka," akasema, akakata kingine.

Kesho yake nikapanua cha kifua. Kesho kutwa nikachovya mbavu kwenye maji, ncha tu, zikavimba zisiingie. Siku nyingine niliificha ruwaza ya bega chini ya godoro akaitafuta mpaka jasho likamtoka, kisha akachora nyingine. Hakunipiga. Hakuuliza. Alikata, nikaharibu, akakata. Vidole vyake vilipata sugu ya wembe. Mimi nililala nimeshikilia pindo la nguo yake, na mchana nilikuwa adui yake.

Nilishindwa. Zikiwa zimebaki siku tisa, kiwiliwili kilisimama juu ya kigoda katikati ya chumba, kiuno cha mama, mabega ya mama, lile la kushoto limeshuka kidogo kama lake. Akaanza kukivalisha. Vitambaa alikuwa amevihifadhi kabla baba hajaugua. Akashona gauni la kijani, akashona la maua mekundu, akashona jeusi lenye utepe wa dhahabu shingoni. Yeye mwenyewe, katika nguo zake nyeupe zilizofifia, alizunguka akipiga magoti na pini mdomoni, na yule mwingine alisimama amependeza. Nilishindwa kula. Nilijua ni yupi anayekuja na ni yupi anayekwenda.

Jumatano nilikuwa nikichambua kunde uani, na Shangazi Halima alikaa na wanawake wawili wa mtaa wakipanga.

"Kesho asubuhi basi. Maji tuyapashe mapema."

"Nani atamwosha?"

"Mimi mwenyewe," Shangazi akasema. "Nilikuwepo mwanzo, nitakuwepo mwisho. Tukishamwosha tumvishe ile mpya, tumfukize udi. Saa nne waje wasome. Mbuzi yupo, mchele upo."

Kunde zikanimwagika. Shangazi akanikaripia, nikaziokota moja moja kwenye matope.

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Watu wazima wote walikuwa upande wa mpango. Hapo ndipo nilipopata wazo, na mpaka leo siwezi kulicheka, kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Walitaka mtu wa kumwosha. Ndani ya nyumba yetu walikuwepo wawili.

Alhamisi, jua likiwa bado chini, sufuria kubwa ikiwa tayari mekoni, nilimwambia mama kuna panya ameingia duka la baba anatafuna vitambaa. Akaenda mbio. Alipoingia nikafunga mlango kwa nje, nikatia komeo. Nikakimbia chumbani. Kiwiliwili kilikuwa kimevaa lile gauni la kijani. Nikakibeba, kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia, nikakilaza kitandani, nikaweka mto mahali pa kichwa, nikafunika vyote kwa kanga nyeupe ya mama. Kisha nikajibanza nyuma ya mlango.

Shangazi aliingia na ndoo ya maji ya moto mkono mmoja, taulo mkono mwingine. "Zena," aliita kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Zena, inuka mama. Zimekwisha."

Kutoka mbali mama alianza kugonga mlango wa duka, lakini Shangazi hakusikia. Aliinama akamshika bega. Likabonyea. Akavuta kanga, mto ukabiringika sakafuni, na Shangazi Halima, mwanamke niliyemjua kama ukuta, alipiga ukelele uliowaleta wote waliokuwa uani. Ndoo ikamtoka. Maji yote yakamwagika kitandani.

Sikuwahi kuona kitu kikifa polepole namna ile. Kwanza gauni likashika rangi nzito. Kisha kifua kikaingia ndani, visahani vikalegea kwenye mikato, mbavu zikapinda, na kiuno kikajikunja kama mtu anayekaa chini kupumzika. Mvuke ukapanda. Chumba kikajaa ile harufu.

Mtu alikuwa amemfungulia mama. Alitokea mlangoni akihema, na wanawake, walipomwona mzima na kumwona Shangazi ameketi sakafuni katika maji, wakaanza kucheka, kile kicheko cha hofu iliyopita. Shangazi hakucheka. Alinivuta kutoka nyuma ya mlango kwa mkono. "Huyu mtoto ana nini? Huyu mtoto ana shetani gani?"

"Mshamwosha!" nikapiga kelele. "Mshamwosha yule! Basi! Mwacheni mama!"

Kicheko kikakatika. Walitazamana. Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Dhahabo, ambaye alikuwa ameingia na maziwa akasimama nyuma ya wote, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Aliweka dumu chini.

"Toto hii," alisema, "nadhani mama yake nakufa yeo siku." Akajipiga kifuani. "Mimi nauliza, nauliza. Siku gapi, siku gapi. Hii toto nasikia."

Mama alipiga magoti ndani ya maji yale. Akanishika uso. "Nani alikwambia nitakufa?"

"Nyote."

"Tangu lini?"

"Tangu sitini na tatu."

Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilicheza kidogo kisha ikasimama. Niliwahi kumwona mama akilia juu ya baba, kilio cha watu wengi. Hiki kilikuwa kingine, hakikuwa na sauti, kilimtikisa mabega tu. "Mikato," akasema mwishowe. "Nilijua ni wewe unayeipanua. Nilidhani hutaki nitoke. Nilidhani unaogopa nikitoka nitakuacha nyumbani peke yako. Ndiyo nikakuacha uharibu, nikasema moyoni, acha atoe hasira yake."

"Mbona hukuniuliza?"

Shangazi Halima, bado sakafuni, ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Sote hatukumwuliza."

Walinieleza eda ni nini, watatu wakizungumza kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Nilisikiliza, nikaitikia. Sikuamini hata neno. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa mengi na watu wazima katika nyumba ile. Waliporudi kupasha maji mengine na mama akaingia bafuni uani, nilikwenda kukaa chini, mgongo kwenye mabati ya bafu, nikasikia maji ya kwanza yakimwagwa.

"Mama!"

"Niko."

Maji.

"Mama!"

"Niko, mwanangu."

"Muulize yeye kama ataacha kuita," Shangazi akalalamika kule ndani, "sabuni inanitoka mkononi."

"Mwache aite," mama akasema. Nikaita mpaka koo likakauka, na kila mara alinijibu, hata alipokuwa na maji mdomoni, hata Shangazi alipokuwa akimsugua kichwa. Mwisho akatoka. Gauni la kijani lilikuwa limelowa, kwa hivyo alivaa la maua mekundu. Lilimkaa kama ngozi, kwa kuwa lilishonwa kwa vipimo nilivyovisoma mimi, baada ya kuacha kudanganya.

Wakasoma. Watu wakala wali. Mama naye alikula, nikamtazama kila tonge likishuka.

Kiwiliwili cha pili tulikikata baadaye, kwa ruwaza zilezile za gazeti, bila mtu wa kuharibu, na kilisimama kibarazani miaka mingi. Lakini siku ile hatukuwa nacho. Alasiri mama alisema anataka kuona nje. Tukatoka watatu, yeye, mimi na Shangazi. Mjane aliyetoka eda alikuwa akitembea kama mtu aliyeshuka kitandani baada ya homa ndefu, mkono mmoja usoni kuzuia jua, na mimi nilikuwa nimelishika gauni lake kwa ngumi. Tulikwenda mpaka mahali lami ilipozama majini. Sikuwa nimefika pale tangu mafuriko yaanze. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu, madereva na matingo wamelala chini ya magurudumu, wengine wanacheza karata, wengine wanayatazama maji tu. Ng'ambo ya maji, mbali, ulionekana mstari mwingine wa malori kama yale.

Mama aliitazama mistari yote miwili. "Sikujua," alisema. "Kumbe nanyi huku nje mmefungwa."

"Wiki ya kumi, mama," dereva mmoja mnene akajibu kutoka kivulini. "Hata nguo zimetuchoka."

Alisema kweli. Suruali yake ilikuwa imepasuka kutoka gotini hadi karibu na mfuko, ameishikiza kwa waya. Mama alimwangalia ile suruali jinsi alivyokuwa akiangalia mikato. Nikahisi gauni likikaza mkononi mwangu, maana alikuwa amepiga hatua mbele.

"Mimi ni fundi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka lori la tatu. "Cherehani ninayo nyumbani, na sina pa kwenda. Nani ana nguo ya kushonwa?"

Yule dereva akanyanyua mkono kama mwanafunzi darasani. "Mimi. Lakini ukiichukua hii, nitavaa nini?"

Shangazi Halima akaficha uso kwenye mtandio. Mama akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na madereva wakaamka kumtazama, na akaendelea. Tangu baba aanze kukohoa sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Wakati anacheka niliachia gauni lake, nikaenda peke yangu mpaka ukingoni mwa maji kutafuta samaki.